Korti imeamua anilipe, leo ananipigia kuuliza kama nina tenti za Jumamosi!!!

Wana Nakuru, leo mtu asiniambie nitulie. Yule bwana mnamjua. Yule wa Prado nyeupe anayeegesha mlangoni mwa kanisa mpaka bibi harusi anapita ubavu. Yule mgeni wa heshima wa kila harambee kuanzia Lanet mpaka Njoro. Jina sitaji, lakini mnamjua.

Amenipigia sasa hivi. Nimeona namba yake nikasema Mungu ni mwema, pesa zimekuja. Ati, "Mama Tenti, za masiku? Una tenti tatu za Jumamosi na viti mia tatu?"

Za Jumamosi!

Huyu mtu ana 186,000 zangu za kukodisha tenti na viti tangu ruracio, ile sherehe ya mahari, ya binti yake. Wageni walikalia viti vyangu, wakalala usingizi wa pilau chini ya tenti zangu, moja ikarudi na tundu la kaa la jiko. Nikampeleka Mahakama ya Madai Madogo. Huko wanasikiza deni mpaka milioni moja na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, kwa hivyo zile hadithi zake za kuahirisha hazikufua dafu. Nikashinda. Karatasi ninayo, ina muhuri. Kumbe korti ikishakupa hukumu, kumkaba mdaiwa ni kazi yako na mfuko wako!

Nikachukua waranti ya korti ya kukamata mali yake, dalali wa mnada akaenda kwake akaorodhesha mali: makochi, televisheni inayotosha ukuta, jokofu la milango miwili. Sheria inampa siku saba alipe kabla vitu kubebwa. Kabla ziishe, mkewe yuko kortini na pingamizi. Makochi ni yake, televisheni ni ya shemeji, jokofu ni la mama mkwe. Prado nayo logbuku ina jina la kaka yake. Yaani pale kwake hata paka ana mwenyewe mwingine! Ukisoma kile kiapo, mzee mzima anamiliki soksi peke yake, na dalali haruhusiwi kubeba nguo za mtu, wala kitanda, wala sufuria za kupikia.

Na mtu wa soksi anataka tenti tatu Jumamosi. "Usijali, nitakulipa zote pamoja." ZOTE PAMOJA! Mkono unatetemeka mpaka sasa. Tenti za Jumamosi, wajameni!

Mzee wa Section 58: Pole sana mama. Lakini umempa ama hujampa?

Mama Tenti: Nimpe nini? Hata kamba ya tenti hapati!

Dalali Mstaafu: Mama, usiogope hilo pingamizi. Anayedai makochi ni yake alete risiti, hakimu hasomi machozi. Na ukiona mali haishikiki, omba korti imwite ajieleze kwa nini asifungwe jela ya kiraia, ile ya wanaokataa kulipa deni. Ni mpaka miezi sita, na akitoka deni bado liko. Ila lazima uonyeshe ana uwezo na amekataa tu kulipa. Zile bahasha za harambee anazopungia watu ndizo ushahidi wako. Jambo moja: akiingia ndani, pesa ya kumtunza huko unatoa wewe uliyemfungisha.

Mama Tenti: Nimlishe?? Amekula ruracio nzima chini ya tenti zangu, sasa nimpelekee na ugali jela?

Nyar Kisumu: Dada, achana na jela. Tafuta benki anayoweka pesa, uombe amri benki ikulipe moja kwa moja kutoka akaunti yake. Shemeji yangu hapa Kondele alimnasa mtu hivyo, jamaa akaenda kutoa pesa ya karo akakuta akaunti imeshikwa. Na hukumu yako inadumu miaka 12, hata akihamia Busia bado ni yako.

Kijana wa Bahati: Swali. Hizi si zile tenti zilizovuja kwa mazishi ya babu yetu? Pasta alihubiri akiwa na ndoo kichwani.

Mama Tenti: Tenti zangu hazivuji! Nyinyi mlizifunga kinyume! Hapa tunaongea kuhusu mtu ambaye korti imemwambia LIPA na yeye anauliza kuhusu JUMAMOSI!

Kijana wa Bahati: Mama, uji wa waombolezaji uliongezeka wenyewe.

Mpangaji wa Kiamunyi: Nyinyi mnalia na tenti. Mimi landilodi amekula dipoziti yangu yote, ati ya rangi. Ukuta niliukuta umechubuka, nikauacha umechubuka vile vile.

Landilodi Halisi: Nyinyi wapangaji mnapikia makaa chumbani halafu mnashangaa rangi.

Mpangaji wa Kiamunyi: Nilikuwa na gesi!

Mzee wa Section 58: Rangi ni nafuu. Wangu wa zamani alinikata pesa ya kitasa ambacho mwizi ndiye alivunja, na mwizi alikuwa mtoto wake.

Nyar Kisumu: Eti nini? Hebu hiyo ya mwizi ianze mwanzo.

Landilodi Halisi: Kitasa ni jukumu la mpangaji. Soma mkataba.

Mzee wa Section 58: Mkataba gani? Alinipa funguo na namba ya M-Pesa!