"Prosesi ikifa wakati wa kujizima haina madhara." Basi mwambieni hivyo keshia aliyekatwa mshahara

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Wiki 3 nimepigwa kalenda na watu niliowalipa kwa kipande cha malipo cha mfumo wetu, hayo maneno ya juu ni yao, na anayeumia si mimi wala wao.

Niko Dar, nahudumia mifumo ya duka la vipuri vya magari Kariakoo, mtaa wa Shaurimoyo. Mfumo wa mauzo tuliuandika wenyewe, uko kwenye Windows Server, unaendeshwa na IIS, programu ya Microsoft ya kuendesha mifumo ya wavuti. Kipande cha kupokea uthibitisho wa malipo ya simu tulikinunua kwa kampuni moja ya hapahapa mjini: DLL yao (faili la programu linalopakiwa ndani ya programu nyingine), pamoja na kodi ndogo, yaani maandishi ya programu (code), ya kuiita. Jina silitaji. Wakisoma watajijua.

Hali ilikuwa hivi. Fundi wa gereji anakuja asubuhi, analipa kwa simu, meseji ya muamala anayo mkononi, mfumo wetu unasema hajalipa. Nyuma yake kuna foleni. Anapandisha sauti. Keshia anasoma meseji, anaona ni ya kweli, anatoa mzigo. Jioni hesabu haikubali. Mwisho wa mwezi binti wa watu kakatwa shilingi 84,000, na maneno ya pembeni juu: eti huyu naye mikono yake mirefu.

Nikafungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows. Nyekundu tupu: w3wp.exe, ambayo ndiyo prosesi (programu inayokimbia) ya IIS inayobeba mfumo wetu, tukio namba 1000, yaani programu imeanguka, kosa 0xc0000005, yaani prosesi imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa kuigusa. Nikawapigia. Jibu la kwanza: umeme wa Kariakoo. La pili: intaneti yenu. La tatu ndilo lililonichoma: "Hiyo inatokea prosesi ikiwa inajizima tu, kaka. Haina madhara, puuza."

Sikupuuza. Nilichukua karatasi nikaandika saa za kila anguko. Jumatatu saa 4 usiku. Jumatano saa 9 usiku. Alhamisi saa 2 asubuhi, mafundi wamejaa dukani. Ijumaa saa 7 mchana. Jumamosi saa 12 jioni. Hesabuni wenyewe: kila mara pameachana saa 29. Umeme haukatiki kwa mpangilio huo. Ila IIS, usipoigusa, inastaafisha prosesi kila baada ya dakika 1740, ambazo ndizo saa 29 kamili. Inaanzisha mpya, maombi mapya yanaelekezwa huko, ile ya zamani inaambiwa imalizie kazi na ijifunge ndani ya sekunde 90. (Ule muda wa kukaa kimya wa dakika 20, ambao ukipita bila ombi IIS inaifunga prosesi, nilishauzima siku nyingi, la sivyo saa hizi zisingepangika hivi.) Kwa sababu saa zinasogea, leo anguko ni usiku wa manane hakuna anayeona, kesho kutwa limeangukia foleni. Ndiyo maana miezi yote hii ilionekana kama bahati mbaya.

Wakaniambia niongeze hizo sekunde 90 ziwe 300. Hapa nilijua hawajafungua hata logi moja. Prosesi inayochelewa kujifunga inauawa na Windows, na inaacha tukio namba 5013 linalosema imevuka muda wa kuzima. Kwangu 5013 haipo hata moja. Hii haiuawi kwa kuchelewa. Inakufa yenyewe, ndani ya sekunde chache tangu iambiwe ijifunge.

Jumapili duka limefungwa, nikaenda peke yangu. Wakati wa kustaafisha kuna w3wp mbili kwa pamoja, kwa hiyo kwanza nilitafuta PID (namba ya prosesi) ya ile ya zamani kwa amri ya appcmd list wp, nikaishikisha procdump -ma -e, chombo kinachohifadhi dampu, yaani nakala ya kumbukumbu ya prosesi pale inapoanguka, kisha nikaamuru ibadilishwe kwa mkono. Nimerudia mara 10. Mara 6 imekufa. Nikafungua dampu kwenye WinDbg, programu ya kuchunguza dampu, nikaipa amri !analyze -v, na pale juu kabisa ya thredi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya prosesi) iliyokufa kuna neno Unloaded, yaani imeshaondolewa, likifuatiwa na jina la DLL yao. Nilikaa nikaiangalia skrini muda mrefu.

Maana yake ni hii. DLL yao inaanzisha thredi yake yenyewe, inalala sekunde 15, inaamka, inaandika malipo yaliyojikusanya kwenye kanzidata, inalala tena. Programu ikijifunga, kile kikodi chao kinaita FreeLibrary na kuiondoa DLL kwenye kumbukumbu bila kuisimamisha thredi wala kuisubiri. Thredi ikiamka, kodi iliyokuwa inaitekeleza haipo tena. Ni kama kumbomolea mtu nyumba akiwa usingizini ndani. Zile mara 4 ambazo haikufa, prosesi ilimaliza kujifunga kabla thredi haijaamka. Basi, ni nani kawahi.

Sasa sikilizeni, kwa sababu kubaya kuko hapa. DLL inaujibu mtandao wa malipo "nimepokea" palepale, kabla haijaandika chochote. Malipo yanakaa kwenye foleni ndani ya kumbukumbu hadi sekunde 15. Prosesi ikifa, foleni imekufa nayo. Mtandao wa malipo hautatuma tena maana ulishajibiwa. Fedha imeingia, rekodi haipo. Hayo ndiyo "haina madhara".

Nilifuta ule mstari wa FreeLibrary. Maanguko yamekoma, Event Viewer iko safi. Na malipo bado yanapotea! Kwa sababu prosesi inajifunga kimya kimya huku foleni ikiwa na vitu ndani. Nimehamishia ustaafishaji saa 10 alfajiri ili nipunguze maumivu, lakini hicho ni kiraka. Upande wetu nimeshaandika darasa (class) la IRegisteredObject: ASP.NET, jukwaa ambalo mfumo wetu umeandikiwa, ikianza kufunga inaita Stop ya darasa hilo, na hapo ndipo ningeiamuru DLL imalize kazi. Ila nitaiamuru kwa kazi (function) gani? DLL yao haina kazi ya kufunga. Ina ya kuanzisha tu.

Nimewatumia dampu, saa zote, na maelezo ya kurasa 2. Juzi wamejibu: "Tumeona haianguki tena upande wenu, tunafunga tiketi."

Hapana. Tiketi haifungwi. Nataka kazi ya kufunga ambayo inasimamisha thredi, inaisubiri, inamaliza foleni, ndipo irudi. Na msiende kuuweka usubiri huo ndani ya DllMain, sehemu ambayo Windows huiita DLL ikipakiwa au ikiondolewa, mtaikwamisha prosesi nzima kwa kufuli la kipakiaji (loader lock), ambalo Windows hulishika wakati huo, na tutarudi kwenye 5013. Nataka malipo yaandikwe kwanza ndipo "nimepokea" itoke. Na nataka barua yenye muhuri wenu, mwandikieni mwenye duka kwamba kosa lilikuwa kwenye kodi yenu, ili yule binti arudishiwe 84,000 yake na jina lake.

Wakuu mnaoendesha maduka kwa mfumo wenye kipande cha malipo kilichonunuliwa nje, leo hii fungueni Event Viewer, chujeni tukio namba 1000 la w3wp.exe, andikeni saa zake. Zikiachana saa 29, njoo PM nikutumie hatua za kuchukua dampu kabla mtu wako wa kaunta hajakatwa.