Kupakua safi, kupakia kunajikokota tangu nihamie Linux

Muulizaji:
Wakuu, salaam. Juzi nimefuta Windows nikaweka Linux Mint. Laptopu ile ile, ruta ile ile, waya ule ule. Torenti (faili ambazo watumiaji hugawiana wenyewe kwa wenyewe mtandaoni) zinashuka bila shida, ila kupakia ni aibu tupu: zamani nilikuwa natoa hadi kilobaiti 900 kwa sekunde, leo nikiona 40 nashangilia. Na si sinema za wizi, ni faili za kusakinishia Debian, Linux nyingine ya bure, nazisambaza kama shukrani. Natumia Transmission, programu ya torenti, kule Windows na huku Mint. Ruta nimeizima na kuiwasha mpaka imenichoka. Linux ndiyo nzito au mimi?

Jibu:
Chini kushoto mwa dirisha kuna picha ya kobe. Akiwa amewashwa, kasi inabanwa makusudi. Wengi humgusa bila kujua.

Muulizaji:
Kobe amelala. Siyo yeye.

Jibu jingine:
Linux usiisingizie. Ingia kwenye mipangilio ya Transmission, sehemu ya mtandao, upime poti, yaani mlango ambao wengine hukufikia kupitia kwake. Na je, uliwasha faiwoli, mlinzi wa mtandao wa kompyuta?

Muulizaji:
Inasema poti imefungwa. Faiwoli niliiwasha siku ya kwanza, nikajiona mjanja.

Jibu jingine:
Ujanja wako ndio huo. Kwenye Mint, ufw, ndiyo hiyo faiwoli yake, huja ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, inamkatalia kila anayebisha hodi kutoka nje. Kule Windows kuna kidirisha kilikuuliza, ukabonyeza kuruhusu, ukasahau. Kupakua hukuona tofauti kwa sababu wewe ndiye unayewabishia wenye faili, nao wengi wako wazi. Kwenye kupakia, wanaohitaji faili wanakuja mlangoni kwako wanakuta kufuli. Unabaki na wale tu unaoweza kuwafuata wewe. Aliyejifungia kama wewe ni nadra mkutane. Andika:

sudo ufw allow 51413

Hiyo ndiyo poti ya kawaida ya Transmission. Amri hiyo inafungua TCP na UDP, njia mbili za kusafirisha data, kwa pamoja. Hakikisha pia hujaiambia ichague poti mpya kila inapoanza, maana utafungua mlango huu yenyewe ihamie dirishani.

Muulizaji:
Nimefanya yote. Bado imefungwa!

Jibu jingine:
Ruta je? Kama uliwahi kuiambia kwa mkono ipeleke poti hiyo kwenye laptopu, andika hostname -I uone anwani ya laptopu, uilinganishe na iliyo kwenye ruta.

Muulizaji:
Loo! Ruta inaelekeza 192.168.1.20, niliiandika mwenyewe zamani. Baada ya kuhamia Mint, laptopu imepewa 192.168.1.34. Kumbe wageni wote walikuwa wanapelekwa nyumba isiyo na mtu. Nimerekebisha, na nimeitengea laptopu anwani hiyo kwenye ruta isihamehame tena. Poti iko wazi.

Sasa hivi 870. Kobe bado amelala.