Tupeane uzoefu: ajali ya barabarani ukiwa kazini, nini kiliifanya iwe kubwa au ndogo?

Mleta mada
Habari zenu wadau. Nasimamia usalama kazini kwenye kampuni ya usafirishaji. Ajali ikitokea, fomu yetu inauliza nani alikosea, basi. Linalonikosesha usingizi ni jingine: inakuwaje magari mawili yagonge kwa namna ileile, huyu ashuke anajikung'uta vumbi, yule azikwe? Uliyepitia au uliyehudumia majeruhi, tueleze ulichokiona. Majina ya kampuni tuyaache.

Dereva wa lori
Mkuu, mimi naanza na mzigo. Tulipakia nondo, tuko wawili, mimi na utingo. Waliopakia walifunga kamba chache, na ukuta wa mbele wa bodi ulishapinda siku nyingi, tumeripoti hadi tumechoka. Njiani gari dogo likatuingilia ghafla, nikashika breki. Hatukugusa chochote. Lori likasimama, nondo zikaendelea na mwendo uleule tuliokuwa nao. Zikatoboa kebini upande wa utingo, moja ikapita kati ya kichwa chake na mlango ikatokea kioo cha mbele. Alichanika sikio tu. Angekuwa ameegemea mlango amelala, kama walivyozoea safari ndefu, tungekuwa tunaongea mengine. Ndiyo maana nasema ukubwa wa ile ajali ulipangwa pale kwenye kupakia.

Muuguzi wa dharura
Wanaoniuma zaidi ni vibarua wanaopandishwa nyuma ya pikapu pamoja na machepe na mashine. Gari likipinduka wanarushwa, halafu vifaa vinawafuata. Dereva wa gari hilohilo anakuja akitembea, ana mchubuko wa mkanda kutoka begani kukatiza kifua. Analalamika unauma. Mimi nikiuona nashukuru, maana ndio uliomrudisha. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unapunguza hatari ya kufa kwa wanaokaa mbele kwa asilimia 45 hadi 50. Na wa siti ya nyuma asidhani hahusiki: asipofunga, anamgonga wa mbele yake kwa uzito wake wote.

Jingine ni damu. Majeruhi anaweza kuishiwa damu ndani ya dakika chache, na gari la wagonjwa bado liko njiani. Kama jeraha linavuja sana, kandamiza kwa nguvu kwa kitambaa safi, usiachie kila mara kuchungulia. Wanaosafiri peke yao kikazi kwenye barabara zisizo na watu ndio wanaopotea hapa, kwa majeraha ambayo mjini yangetibika.

Dereva wa basi la wafanyakazi
Naunga mkono, ila uchovu mmeuruka. Tulimkuta mwenzetu alfajiri, anatoka zamu ya usiku, amegonga nyuma ya tela lililoharibika. Nilitembea nyuma kutafuta alama za tairi kwenye lami. Hapakuwa na hata moja. Aliyemacho hugonga akiwa ameshapunguza mwendo, hata kidogo. Aliyesinzia anagonga na mwendo wote.

Kukaa macho saa 17 mfululizo kunakudhoofisha kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Umoja wa Ulaya wanamtaka dereva wa lori akiendesha saa 4 na nusu apumzike dakika 45. Sisi ratiba anatunga mtu wa ofisini ambaye hata usukani hajawahi kuushika usiku. Huyo naye aandikwe kwenye fomu.

Msambazaji wa vifurushi
Upande wetu wa pikipiki ni dakika. Programu inahesabu, ukichelewa unakatwa. Unajikuta unakimbia 80 mahali pa 60, na watu hawajui kwamba tofauti hiyo inaongeza nguvu ya kugonga karibu mara 1.8, kwa sababu nguvu inakua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Mtu alinifungulia mlango wa gari usoni, nikaangukia kichwa. Helmeti ilipasuka, mimi nikaamka. Zinapunguza vifo kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa asilimia 69, lakini ufunge mkanda wa kidevuni. Wenzangu wengi wanaiweka kichwani bila kuifunga, inaruka kabla hata hawajafika chini.

Mleta mada
Nawashukuru sana. Wa basi, hoja ya ratiba naibeba kwenye kikao kama ilivyo. Nimeshaongeza vipengele: saa alizokuwa macho, nani alifunga mzigo, mkanda ulifungwa au la, msaada ulifika baada ya muda gani.

Fundi gereji
Mkuu, hapo kwenye mkanda usiulize dereva peke yake. Magari ya makampuni yanayoletwa kwangu, nakuta ulimi wa mkanda mtupu umechomekwa kwenye kifungio ili kengele isilie. Mengine mkanda umekatika nyuzi au haurudi ukiuvuta, na karatasi ya ukaguzi imewekewa tiki. Mtume mtu auvute kila mmoja kwa ghafla, siti zote hadi za nyuma. Usiponata, gari lisitoke.