Tupeane uzoefu: geti la kadi au la simu mnakoishi, limewapa raha au limewatesa?

Katibu Bila Mshahara (mleta mada)
Wakuu, habari za mihangaiko. Naishi Salasala, Dar es Salaam, nyumba 38 ndani ya ukuta mmoja, geti moja. Ukatibu nilipewa kwa sababu siku ya uchaguzi nilichelewa kikao, msinipe pole.

Kwa sasa tuna mlinzi, daftari na honi. Unapiga honi, mlinzi anatoka kibandani, anachungulia, anasukuma geti. Asubuhi saa kumi na mbili kila mtu anawahi foleni ya Bagamoyo Road, humo ndani tunapigiana honi mpaka watoto wanaamka. Kamati imeleta hoja ya kuweka geti la mlingoti unaoinuka wenyewe. Sasa vita: wazee wanataka kadi, vijana wanataka simu, na mzee wetu mmoja anasema mlinzi aongezewe mshahara, mambo yaishe.

Maneno ya wauzaji nimeshayasikia, kwao kila kitu kinafanya kazi. Nataka kusikia kutoka kwa aliyeishi na kitu hicho. Na zaidi: siku lilipogoma, mlitokaje?

Mpangaji wa Upanga
Kwetu ni ghorofa, maegesho yako chini. Tulianza na kadi nyeupe nene, unaigusisha kwenye kisanduku, mlingoti unapanda. Mwaka wa kwanza raha tupu. Mwaka wa pili ukirudi jioni unakuta nafasi yako ina gari usilolijua. Kamati ikahesabu: kadi zilizotolewa ni 60, magari yanayolala humo yanazidi 80! Kumbe watu walikuwa wanazipeleka kwa wachonga funguo, wanatolewa nakala kama ufunguo wa kitasa, ndugu anapewa, rafiki wa ofisi ya jirani anapewa. Tukabadilisha mfumo mzima, gharama tukagawana. Aliyegawa nakala na asiyegawa tulilipa sawa.

Fundi Mageti
Mkuu wa Upanga, hizo zilikuwa za mawimbi ya 125 kHz. Kadi ya namna hiyo haina siri yoyote. Ikikaribia kisomaji inapata umeme kidogo kutoka humo na kutaja namba yake, namba ileile miaka yote, na inaitaja kwa kisomaji chochote. Kifaa cha kuinakili ni bei rahisi.

Katibu, usije ukaambiwa "zetu ni 13.56 MHz, hizo ni salama" ukatulia. Kadi za aina ya MIFARE Classic nazo ni 13.56, na siri yake ilivunjwa mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud kule Uholanzi wakaonyesha inavyofanyika. Mpaka leo zinauzwa. Ulizia aina ya DESFire, siri yake ni ngumu zaidi, na umwambie fundi mbele ya mashahidi kwamba mfumo usome siri iliyo ndani ya kadi, siyo ile namba ya juu tu inayotajwa kwa kisomaji chochote. Mafundi wengi wanasoma namba ya juu kwa sababu ni kazi nyepesi, halafu kadi ya gharama inakuwa sawa na ile nyeupe.

Kuna na stika ya kioo cha gari, inasomwa ukiwa mita kadhaa, hushushi dirisha. Nzuri wakati wa masika. Ila nina mteja Mikocheni alinipigia wiki nzima kwamba stika yake mbovu, nikambadilishia mara mbili. Kumbe alikuwa amebandika tinti yenye chembe za chuma, mawimbi hayapenyi. Nilipohamishia kwenye taa ya mbele ikasoma mara ya kwanza. Wiki nzima ya mafuta yangu!

Tunalibip
Kigamboni hapa. Sisi geti tunalibip. Ndani ya kisanduku kuna laini ya simu, namba zetu zimeandikishwa, ukifika unapiga, linakata bila kupokea, linafunguka. Vocha haikatwi. Mama yangu mwenye simu ya kitochi analifungua bila kufundishwa na mtu, kubip ameanza kabla yetu.

Mawili yametukuta. La kwanza, laini ile ilikaa bila kuongezwa salio hata mara moja, ikafungwa. Jioni moja watu wote wanabip, mwanadada wa mtandao anawajibu kuwa namba haipatikani. Laini ilisajiliwa kwa alama za vidole za fundi, na fundi alishahamia Mwanza. La pili ndilo la kuchekesha: jirani aliacha namba yake ya zamani bila kuifuta getini, baadaye ikapewa mtu mwingine. Namba ya geti ilikuwa inafanana na ya mtu ambaye huyo bwana mpya alizoea kumpigia, akawa anakosea, anapiga geti. Geti linajifungukia saa tano usiku, nje hakuna mtu. Walinzi wawili waliomba kuhama zamu. Mpaka mzee wa nyumba ya pembeni alipotaka tusome kisomo ndipo mtu akafikiria kuangalia orodha ya simu zilizoingia.

Bibi Harusi Mstaafu
Mbezi Beach, programu ya simu. Mgeni unamtumia msimbo wa QR, anauonyesha getini, unatumika mara moja tu. Kwa mgeni mmoja, safi kabisa. Sasa nilifanya kitchen party ya mdogo wangu nyumbani. Wageni 70. Nimekaa tangu asubuhi natuma misimbo badala ya kupaka hina. Shangazi kutoka Tanga simu yake haifungui picha. Mama mkwe wake mtarajiwa amefika na gari la kukodi, msimbo uko kwenye simu ya binti aliye gari la nyuma. Foleni ikatoka mpaka barabarani, daladala zinatutukana. Mwisho mlinzi akauinua mlingoti akauacha juu, akaingia kila mtu, na muuza karanga akaingia. Chakula hakikutosha.

Jumapili ya Mei
Nyie mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika intaneti ikawa inasuasua nchi nzima? Sisi geti letu lilikuwa linauliza seva ya nje ya nchi kila gari linapofika: huyu namfahamu? Siku hiyo likauliza, halikujibiwa. Tumetoka kanisani, magari kumi na moja yamejipanga juani, watoto wanalia, fundi kwenye simu anasema "zima uwashe". Tulizima tukawasha mpaka saa tisa. Katibu, swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hilo: orodha ya wenye ruhusa inakaa kwenye kisanduku cha getini au inakaa mbali? Kama inakaa mbali, mwambie asante na umpe maji ya kunywa.

Baba Mapacha
Sikutaka kuandika, ila umeuliza likigoma mnatokaje.

Saa nane usiku, mwezi wa nne, mvua kubwa, umeme hakuna. Mtoto mmoja akashikwa degedege. Nimembeba, mke anaendesha, tumefika getini mlingoti umelala. Betri ya akiba ilikuwepo, lakini ilikuwa imekufa siku nyingi bila mtu kujua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuijaribu. Mageti mengi ya aina hii yana tundu la ufunguo pembeni ya mota: unazungusha, mlingoti unalegea, unauinua kwa mkono kama jani. Mlinzi analijua tundu. Ufunguo anao mwenyekiti. Mwenyekiti yuko Dodoma kikazi, na ufunguo uko kwenye kitita cha funguo zake, mfukoni, Dodoma.

Sikusubiri. Nilipita mlango mdogo wa waenda kwa miguu na mtoto begani, nikakimbia kwenye mvua mpaka barabarani, nikapata bajaji. Yule dereva hakuuliza hata nauli. Nyuma yangu majirani walitoka na shoka wakakata mlingoti ili mke wangu atoke. Mtoto mzima, anasoma darasa la pili sasa, ni mtundu kupita mwenzake.

Siku hizi ufunguo unaning'inia kibandani kwenye kisanduku cha kioo, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunazima umeme wa geti makusudi, mlinzi wa zamu anafungua kwa mkono mbele yetu. Kikao cha kulipa mlingoti uliokatwa kilikuwepo pia. Kuna mtu alipendekeza nilipe mimi.

Fundi Mageti
Pole sana baba. Betri hizo hapa kwetu na joto hili zinachoka mapema kuliko kitabu kinavyosema. Andikeni tarehe ya kuifunga kwa maka peni juu yake.

Nimefungiwa
Mpangaji, kodi nimelipa mwaka mzima. Siku moja kadi inawaka nyekundu. Kumbe mwenye nyumba hajalipa sevisi chaji miezi mitano, kamati imezima kadi za nyumba yangu. Nimelala nje ya geti ndani ya gari langu, na suti. Mwenye nyumba yuko Canada, hapokei.

Kimya Kimya
Na hizo kumbukumbu za saa mnazoingia anaziona nani? Kwetu mke wa jirani aliomba kamati orodha ya saa mumewe anazorudi, na mjumbe mmoja akampa! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, wala sidhani kama yule mjumbe aliwahi kuisikia. Daftari nalo siyo malaika: mdogo wangu aliandika namba yake getini, usiku akapata "mambo mrembo, umefika salama?"

Askari wa Zamu
Shikamooni wakubwa. Mimi ni mlinzi, nipo kwenye geti la stika. Kabla ya stika, gari likifika nilimwangalia anayeendesha. Kuna siku nilizuia gari la bosi mmoja linatoka, ndani yuko kijana nisiyemjua, lilikuwa linaibwa. Sasa hivi lingesomwa na kupita, kwa sababu stika inalijua gari, haimjui mtu. Pia mnaongelea magari tu. Hapa kwa siku wanaopita kwa miguu ni wengi kuliko magari: dada wa kazi, wauza samaki, kijana wa gesi, bodaboda wa chakula. Wote bado ni mimi na daftari. Na huo mlingoti ulishamshukia bodaboda kichwani, waya wa ardhini unaotambua chombo kikipita haukumsikia.

Katibu Bila Mshahara
Nimesoma yote, mengine nimewasomea kwenye kikao jana. Ya Baba Mapacha ilinyamazisha ukumbi. Simu imeanguka, kadi imepita, mlinzi anabaki na yule mzee ameshinda hoja yake ya mshahara. Ufunguo wa mkono utakaa kibandani.

Fundi, nije na swali dogo: waya wa ardhini haukumsikia bodaboda, tunaongeza nini hapo? Jicho la pembeni, lile linaloona kitu kikikatiza? Maana kwetu pikipiki zinazolala ndani ni 14.