Ufadhili na tuzo kwa wanafunzi wa sayansi za jamii: nianzie wapi?

Binti Uluguru ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Ninasoma mwaka wa pili wa shahada ya kwanza ya sosholojia hapa Dar es Salaam, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo usiotosheleza ada yote. Ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 umewabeba wenzetu waliong'ara katika tahasusi za sayansi kidato cha sita, nami nawapongeza kwa dhati, lakini kila ninapotafuta ufadhili wa namna hiyo kwa anayesoma sosholojia au sayansi ya siasa, matangazo mengi ninayokutana nayo yanataka uhandisi, tiba au teknolojia. GPA yangu ni 4.2. Je, ufadhili na tuzo za fani zetu zipo kweli, na mtu ambaye bado hajahitimu aandae nini tangu sasa? Pengo la ada analiziba mama yangu kwa kuuza mboga, ndiyo maana nahitaji majibu ya kweli hata kama hayatanifurahisha.

Mkaa Maktaba amejibu:

Mdogo wangu, pole na hongera kwa 4.2 hiyo. Jibu la kweli ni kwamba katika shahada ya kwanza fedha za fani zetu ni chache mno, na mkopo wa Bodi ndio utakaoendelea kukubeba. Hakikisha tu kwamba mwaka wa tatu fungu la utafiti na la mafunzo kwa vitendo, kama umepangiwa, hulitumii kwa mambo mengine.

Fedha ya sayansi za jamii huanza kuonekana pale mtu anapokuwa na swali la utafiti linaloeleweka. CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika lililoanzishwa 1973 na lenye makao yake Dakar, limekuwa likitoa ruzuku ndogo kwa wanafunzi wa umahiri na uzamivu wa vyuo vya Afrika ili wakamilishe tasnifu zao. OSSREA ya Addis Ababa, shirika la utafiti wa sayansi za jamii lililoanzishwa 1980 kwa ajili ya Afrika Mashariki na Kusini, nayo imewahi kuwapa ruzuku watafiti vijana. Huko alama zako hukufikisha mlangoni tu. Kinachokuingiza ndani ni unachotaka kukijua na namna utakavyokijua.

Kwa hiyo andiko lako la mwaka wa tatu usilichukulie kama karatasi ya kumaliza chuo. Nimesahihisha mapendekezo mengi yenye vichwa kama «Athari za umaskini kwa wanawake Tanzania», na kichwa cha namna hiyo hakimpi msomaji pa kushika. Mwanafunzi mmoja niliyemsaidia alianza hivyohivyo. Nikamuuliza ni mwanamke gani anayemfikiria anapoandika, akanitajia mama lishe mmoja jirani yao aliyejitoa kwenye VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, baada ya mzunguko wa kwanza. Tukakaa na jambo hilo wiki nzima, na kichwa kikawa: «Kwa nini mama lishe hujitoa katika vikundi vya kuweka na kukopa baada ya gawio la kwanza?» Swali hilo lilimwonyesha aende wapi, amhoji nani na ahesabu nini. Hata bajeti yake ikawa ya kweli: nauli za daladala, fotokopi za madodoso, vocha, na posho ndogo ya msaidizi mmoja.

Jambo jingine ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa ni vibali. Barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, ndipo ufike kwa mtendaji wa kata ukiwa na nakala mkononi. Anza mapema, kwa sababu nimeona watu wakipoteza mwezi mzima wakisubiri sahihi moja.

Msomi wa Kisumu amejibu:

Naongezea kutoka Kenya, ambako wengi wetu tulisomea shahada ya kwanza kwa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya huku kwetu, na bursari ya eneo bunge, bila mtu kutuuliza tunasoma fani gani. Tofauti ilijitokeza kwenye umahiri. Kama unapenda uchumi, AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi Afrika iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1988, ina programu ya umahiri inayoendeshwa kwa ushirikiano wa vyuo vingi vya Afrika. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, hufadhili umahiri na uzamivu ndani ya Afrika penyewe katika vyuo ilivyovichagua, na kwa kawaida husisitiza kwamba shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka 6. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia umahiri wa mwaka 1 na inapokea fani zetu bila ubaguzi, ila inadai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani kwa miaka 2 angalau. Kazi ya kujitolea huhesabiwa, kwa hiyo utakapohitimu, dada, usiidharau nafasi katika shirika dogo la mtaani kwa sababu tu halilipi vizuri.

Mama Neema amejibu:

Mwanangu, daraja la kwanza linaanzia 4.4, nawe hujakaa mbali nalo. Ulizia pia tuzo za wanafunzi bora katika idara na kitivo chako. Fedha yake ni ndogo, lakini jina lako husomwa mbele ya walimu ambao kesho ndio utakaowaomba barua za mapendekezo. Zaidi ya hapo, anayehitimu na 3.8 au zaidi anaweza kuomba nafasi ya mkufunzi msaidizi chuoni, na wengi waliopita njia hiyo wamesomeshwa umahiri na waajiri wao.

Nakuonya jambo moja kwa uchungu. Binti yangu alitozwa shilingi 150,000 na wakala aliyedai ni ada ya kushughulikia maombi ya ufadhili wa nje, na hadi leo simu ya mtu huyo haipatikani. Chevening na DAAD hawatozi mwombaji hata senti moja. Ukiombwa fedha kwa jina lao, ondoka.

Binti Uluguru amejibu:

Shikamooni, na asanteni sana. Nimekesha nikifikiria swali la Mkaa Maktaba, na mwanamke ninayemfikiria ni mama yangu mwenyewe. Yeye na wenzake sokoni hawachukui mkopo wa halmashauri ingawa asilimia 4 ya mapato ya ndani imetengwa kwa ajili ya wanawake. Wanacheza upatu wao wa kila siku. Je, swali la «kwa nini wanauamini upatu kuliko mkopo usio na riba» linatosha, au ni dogo mno?

Mkaa Maktaba amejibu:

Linatosha kabisa. Soko moja, wanawake ishirini hivi, na mtendaji wa kata mmoja atakayekueleza fomu za mkopo huo zinajazwaje. Mama yako asiwe miongoni mwa utakaowahoji, ila mwombe akutambulishe kwa kijumbe wa upatu. Andika kurasa 2 kabla ya likizo kisha zilete hapa tuzisome.