Makorora Kwenda Vietnam (wanakikundi 14)

Ijumaa

Da Rukia 20:02
Assalaam alaykum. Nilishasema kwa simu, narudia hapa mtu asije kunambia hakusikia. Wiki 3, Machi 20 hadi Aprili 10, 2027. Tunaingia Hanoi, tunatokea Ho Chi Minh (ndiyo Saigon), hakuna kurudi nyuma. Kabla ya Jumatatu nataka vitu viwili: picha ya pasi na laki tano ya kushika nafasi

Da Rukia 20:04
Picha ya pasi ukurasa MZIMA, na ile mistari miwili ya chini yenye <<<<. Ukikata chini, fomu ya viza inakataa. Na msitupie humu, nitumieni pembeni

Da Rukia 20:37
Mmesoma 11. Kimya

Salim 20:38
tunasoma kwa heshima dada

Mama Asha 20:51
Kwani Februari ina nini? Tungewahi

Hamidi 20:55
Februari 6 ni Tet, mwaka mpya wao. Wote wanarudi kwao siku moja, treni zinajaa mapema mno, maduka na mahoteli madogo yanafungwa siku kadhaa. Na Ramadhani inatazamiwa siku mbili baadaye. Utatafuta futari mji wa Hue, mtaa mzima umefunga

Hamidi 20:57
Oktoba na Novemba nako mji wa Hoi An maji yanaingia mpaka majumbani. Mwisho wa Machi ndiyo kaskazini, kati na kusini zinapatana kidogo. Hanoi manyunyu, chukueni sweta. Saigon jua la utosi

Salim 20:58
sweta na jua la utosi begi moja. hii safari au tunahama

Kibwana 21:02
👍

Da Rukia 21:03
Kibwana hiyo 👍 ni ya laki tano au ya sweta?

Jumamosi

Hamidi 07:15
Viza. Ni ya mtandaoni, dola 25 kuingia mara moja. Ile ya dola 50 ni ya kuingia na kutoka mara nyingi, hatuihitaji labda mtu achepuke Kambodia. Tovuti ya serikali inaishia gov.vn. Nyingine zote zinazofanana nayo ni madalali. Ukikataliwa pesa hairudi

Hamidi 07:19
Wanaokwama wanakwama kwenye jina. Andika kama pasi ilivyoandika, hata kama pasi ndiyo imekosea. Mama Asha wewe pasi yako ni MWANAID, ile i ya mwisho haipo. Basi usiiweke. Jina la ukoo kisanduku chake, mengine chake

Mama Asha 07:26
Lakini mie Mwanaidi

Hamidi 07:26
Vietnam wewe Mwanaid

Salim 07:27
Mwanaid wa Hanoi 😂😂 tayari ana jina la kule

Hamidi 07:31
Tarehe ya kuingia weka 20 hata kama tunatua 21. Kuchelewa ruksa, kuwahi hapana. Ukiandika 22 hata Dar hawakupandishi. Pa kuingilia chagua Noi Bai, uwanja wa ndege wa Hanoi. Wanasema majibu siku 3 za kazi, nyie hesabuni wiki 3. Chapisheni nakala mbili za karatasi, simu huzimika

Mjomba Twaha 09:48
Hiyo laki tano inaingia kwa nani

Da Rukia 09:49
Shikamoo mjomba. Kwangu

Mjomba Twaha 09:55
Marahaba. Kama ya Pemba

Da Rukia 09:56
Mjomba, ya Pemba yaliisha kwenye kikao

Mjomba Twaha 10:10
Yaliisha kwako

Salim 10:12
mjomba akulipe kwa dong, pesa ya Vietnam, noti moja tu

Hamidi 10:14
Noti moja ya laki 5 ya kule haifiki dola 20 😄 Ila hapo pana la kusema kweli: laki 5 na elfu 20 zote buluu, zote plastiki. Gizani kwenye teksi unatoa mara 25 ya nauli. Elfu 20 wekeni mfuko mwingine kabisa. Dola bebeni mpya, yenye mkunjo mbaya au alama ya kalamu wanairudisha

Da Rukia 10:20
Tumalize treni. Hanoi hadi Hue usiku, km 688, saa 13 na kitu. Nachukua vyumba vya vitanda vinne. Vya chini wazee

Mama Asha 10:24
Vya sita si rahisi zaidi?

Hamidi 10:27
Rahisi, lakini kile cha juu kabisa hukai. Unaingizwa kama mwanandani. Na kiyoyozi kinakupuliza usoni. Soksi na shuka

Da Rukia 10:29
Hue hadi Da Nang mchana, km 103, viti vya KUSHOTO, bahari iko upande huo mlima wa Hai Van. Da Nang kwenda Hoi An hakuna treni, ni gari, km 30. Da Nang hadi Saigon km 935, hapo semeni: treni saa 16 na zaidi au ndege

Da Rukia 12:40
Semeni jamani

Salim 12:44
Hoi An ndo kuna mafundi wa suti? nishonewe ya harusi

Mama Asha 12:45
Harusi ya nani 😂

Salim 12:45
itajulikana suti ikiwa tayari

Hamidi 12:50
Fundi mpe siku 3. Siku ya kwanza vipimo, ya pili kujaribu, ya tatu kurekebisha. Anayekuahidi saa 24 begani itavuta na hutakuwepo kuirudisha

Da Rukia 12:52
TRENI AU NDEGE

Nasra Maskati 17:33
Ndo naona sasa, nilikuwa kazini. Kuhusu kula maana hamkuuliza: nguruwe Hanoi ni thịt lợn, Saigon ni thịt heo. Andikeni yote mawili kwenye kadi. Mtego ni supu na mafuta. Phở, supu ya tambi, utaona nyama ya ng'ombe juu, chungu kilichemka mifupa gani hujui. Bánh mì, mkate wao wa kujazwa, hata ya yai wanapaka pate ndani, rojo la maini ya nguruwe. Pakiandikwa chay hakuna nyama

Nasra Maskati 17:36
Msikiti wa Hanoi uko Hàng Lược, wa Saigon uko Đông Du, halali inapatikana jirani. Ila pa kula bila wasiwasi ni mji wa Châu Đốc kwa Wacham, Waislamu wale. Wekeni siku mbili

Da Rukia 17:38
Nasra Mungu akuweke. Siku mbili Châu Đốc. Wengine igeni

Salim 19:05
mie na Kibwana tunataka milima ya Ha Giang, kule kaskazini, kwa pikipiki. km 350 siku nne. vijana tu

Kibwana 19:06
👍

Hamidi 19:14
Leseni ipo? Wanatambua kibali cha kimataifa cha udereva cha mkataba wa 1968, cha 1949 hapana, na kiwe na daraja la pikipiki. Bila hivyo ukianguka bima haitoi hata senti. Pale Ma Pi Leng, njia ya mlimani ya huko, mkono mmoja mwamba, mwingine shimo mpaka mtoni. Wengi wanaangukia kwenye kokoto, kona ya kushuka, wameshika breki ya mbele

Salim 19:16
tutashika ya nyuma 😎

Bibi Zuwena 19:41
🎤 0:17

Hamidi 19:43
Niko kwenye daladala sisikii. Bibi kasemaje?

Mama Asha 19:52
Kasema: "Nimesikia habari ya pikipiki. Mimi pikipiki nishaipa mtoto mmoja, sina mwingine wa kuipa. Anayetaka kupanda apande, ila asije kuniaga."

Salim 19:53
*Ujumbe huu umefutwa*

Salim 19:58
*Ujumbe huu umefutwa*

Salim 21:20
Shikamoo Bibi. Nimesikia

Jumapili

Hamidi 08:02
Ha Giang gari na dereva wa kule inawezekana. Kuna kibali cha mpakani, tunakikata tukifika. Hanoi hadi mjini Ha Giang ni saa 6 au 7 za basi. Sema gari la viti 7 na sisi wasafiri 9

Da Rukia 08:10
Basi wengine wabaki Hanoi au Ha Giang tuiache. Nitamuuliza Bibi mwenyewe

Mjomba Twaha 08:31
Bibi usimsumbue. Nimetuma laki tano. Nataka risiti

Da Rukia 08:33
Ahsante mjomba. Risiti ipo. Zimeingia 3 kati ya 9

Da Rukia 08:34
Treni au ndege bado hamjasema

Nasra Maskati 11:47
📷 Picha

Nasra Maskati 11:47
Pasi yangu hiyo

Da Rukia 11:49
Nasra. Humu ndani? Na mistari ya chini iko wapi