Tupeane uzoefu: mliohama DSLR mkaingia kwenye kamera zisizo na kioo, nini hasa kilibadilika?

Mwanzisha Mada

Salaam wakuu. Ubishi wa kampuni ipi ni kiboko tumeusikia vya kutosha. Hapa naomba tuzungumzie jambo ambalo matangazo hayaligusi: ukishaiacha DSLR ukashika mirolesi, kitu gani kinabadilika mkononi na jichoni? Mnaopiga kwa kazi karibuni, mnaopiga kwa mapenzi tu karibuni pia.

Kwa wageni, kwa ufupi. Ndani ya DSLR kuna kioo kilichoinama mbele ya sensa, yaani kile kipande kinachonasa picha. Kinarusha mwanga juu, unapita kwenye prizimu hadi jichoni. Ukibonyeza kinanyanyuka, ndiyo ule mlio tunaoujua wote. Mirolesi haina kioo hicho. Mwanga unatua kwenye sensa moja kwa moja, na ukichungulia kwenye kitazamio unaangalia skrini ndogo. Panasonic G1 ya 2008 ndiyo iliyofungua njia kwa kamera za aina hii zenye fokasi ya kujiendesha, yaani kamera inatafuta yenyewe ukali wa picha. Sony wakaleta a7 yenye sensa ya fremu kamili (ukubwa wa picha ya filamu ya milimita 35) 2013, na Canon na Nikon wakaingia kwenye fremu kamili isiyo na kioo 2018 kwa EOS R, Z6 na Z7.

Naanza mwenyewe. Picha zangu hazijawa nzuri zaidi, nalisema hilo mapema. Sensa mbili za umri mmoja na ukubwa mmoja, moja ndani ya DSLR na nyingine ndani ya mirolesi, sidhani kama kuna mtu anaweza kuzitofautisha kwa kuangalia picha. Kilichobadilika ni mwendo wa kazi. Zamani nilipiga, nikatazama nyuma ya kamera, nikarekebisha mwanga, nikapiga tena. Sasa nikimpiga mtu aliyelipa dirisha mgongo, uso unaonekana mweusi ndani ya kitazamio kabla sijabonyeza. Nazungusha gurudumu, uso unapanda, nabonyeza. Ile tabia ya kuinamia skrini baada ya kila picha imekufa, na ninayempiga hakai tena akisubiri nimalize kukagua.

Haya, leteni yenu.

Kidole Chepesi

Napiga harusi. Kwangu mimi ni macho ya watu.

Kwenye DSLR ukitazama kupitia kitazamio, fokasi inapimwa na sensa nyingine ndogo iliyo chini ya chumba cha kioo. Njia ya mwanga hadi pale na njia ya mwanga hadi kwenye sensa ya picha zikitofautiana kidogo tu, fokasi inakaa mbele au nyuma ya pale ulipolenga. Waliotumia lenzi ya milimita 85 ikiwa wazi kabisa wanajua: umelenga jicho, sikio ndilo limetoka kali. Tulikuwa tunaingia kwenye menyu na kuisahihisha kila lenzi peke yake. Mirolesi inapima fokasi kwenye sensa ileile inayochukua picha, kwa hiyo ugonjwa huo umekwisha. Na juu ya hapo kamera inalitafuta jicho yenyewe na kulifuata bibi harusi anapotembea. Mimi nabaki na kazi ya kupanga fremu.

Jambo la pili ni ukimya. Wakati wa kiapo shata (kile kinachoamua sensa ipokee mwanga kwa muda gani) ya kielektroniki haitoi hata mlio. Ila hapa kuna mtego: sensa nyingi husoma picha mstari kwa mstari, kuanzia juu kwenda chini. Chini ya taa za LED zinazopepesa, baadhi ya mistari inasomwa taa ikiwa imewaka na mingine ikiwa imefifia, na picha inatoka na mikanda ya giza. Ukumbini narudi kwenye shata ya kawaida, isiyo ya kielektroniki, hata kama ina kelele. Ukimya nauweka kwa mwanga wa mchana.

Miwani Minene

Hakuna anayewasemea wenye macho ya umri wetu, ngoja niwasemee. Sioni vitu vya karibu bila miwani ya kusomea. Na DSLR ilikuwa hivi: vaa miwani usome skrini, vua uchungulie, vaa tena. Kwenye mirolesi menyu naisoma ndani ya kitazamio. Picha niliyopiga naikagua humohumo, jua kali au lisilo kali. Kile kigurudumu kidogo pembeni ya kitazamio nimekirekebisha kufuata jicho langu mara moja tu, basi. Hayo ya fremu ngapi kwa sekunde nawaachia vijana.

Mvizia Ndege

@Miwani Minene heshima yako mzee, hilo la menyu sikuwahi kulifikiria.

Kwetu sisi wa ndege kuna pande mbili, na wanaosifia huwa wanataja mmoja.

Upande mchungu ni betri. Nikon D780, ambayo ni DSLR, na Z6 zilitoka zikiwa na betri aina moja, EN-EL15b. Kwa kipimo cha kiwanda D780 inahesabiwa picha 2260 kwa chaji moja, Z6 picha 310. Betri ni ileile, ila mirolesi inalisha sensa na skrini muda wote unaotazama. Vipimo hivyo hufanywa kwa kupiga picha mojamoja kwa utaratibu maalumu. Ukipiga kwa mfululizo utapata nyingi zaidi ya hizo 310, mara kadhaa. Lakini ndege haji kwa ratiba. Unakaa umemlenga kwenye tawi, hupigi chochote, na betri inashuka. Na DSLR ningeweza kuchungulia mpaka shingo iniume, kutazama hakuli umeme. Kamera ikilala ili kuokoa betri nayo inahitaji nukta kidogo kuamka, na ndege huruka katika nukta hiyohiyo.

Upande mtamu ni kwamba kamera inaweza kupiga kabla yako. Unabonyeza kitufe nusu, inaanza kuhifadhi fremu kwa muda na kuzitupa. Ukimalizia kubonyeza, zile za mwisho kabla ya kidole chako zinabaki kwenye kadi. Olympus waliileta kwenye E-M1 Mark II ya 2016 kwa jina la Pro Capture, na sasa wengi wanayo. Mdiria anapoacha tawi, kidole cha binadamu kinachelewa siku zote. Nina picha za mabawa yanafunguka ambazo kwa DSLR ilikuwa ni bahati nasibu.

Angalizo: kwa sensa inayosoma polepole, shata ya kielektroniki hukunja mabawa. Ncha ya bawa inakuwa imeshahama wakati mistari ya chini inasomwa. Kamera kama Sony a9 ya 2017 zilikuja na sensa inayosomwa haraka mno, na a9 III inasoma pikseli zote kwa mpigo mmoja, hapo tatizo halipo kabisa. Shida ni kwamba hizo ni kamera za juu, si za kila mtu.

Taa Nne

Wa studio nipo. Nitatoa moja tu, kwa sababu kila anayehama huniuliza hilohilo siku ya kwanza: "Mbona kitazamio kimekuwa cheusi?"

Studio tunapiga kwa mipangilio inayopokea mwanga kidogo, ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga), upenyo wa lenzi f/8, shata 1/160 ya sekunde, mwanga wote unatoka kwenye flashi. Mirolesi inakuonyesha picha itakavyokuwa kwa mwanga uliopo chumbani, na bila flashi jibu ni giza totoro. Kamera haijaharibika. Ingia kwenye menyu, tafuta sehemu inayoamua kama kitazamio kifuate mipangilio ya mwanga, izime. Kila kampuni inaiita kwa jina lake lakini ipo kwa karibu wote. Baadhi huizima zenyewe zikigundua kiwashio cha flashi kimekaa juu ya kamera, ila viwashio vingi vya bei ya kawaida hazivitambui.

Na flashi kwa shata ya kielektroniki, kwa kamera nyingi, hakuna. Usishangae ikigoma kuwaka.

Lenzi za Babu

Nimesoma yote haya na bado hamjagusa raha yenyewe.

Kila mfumo una umbali wake kutoka kwenye mdomo unapofungwa lenzi hadi kwenye sensa. Nikon F ni milimita 46.5. Lenzi za zamani za kuzungusha kwa nyuzi, M42, ni kama 45.5. Umbali huo ulihitajika ili kioo kipate pa kunyanyukia. Kioo kilipoondoka umbali ukaporomoka: Sony E 18, Nikon Z 16, Canon RF 20. Kwa hiyo kati ya lenzi ya zamani na kamera mpya kuna nafasi, na nafasi hiyo unaijaza kwa adapta ambayo ni bomba tupu la chuma, halina kipande cha kioo ndani. Lenzi inafanya kazi kama ilivyotengenezwa.

Mimi natumia Helios 44-2, milimita 58 f/2. Ukiipiga ikiwa wazi na majani nyuma ya mtu, majani yanazunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo. Hakuna mhandisi wa leo angeiruhusu kasoro hiyo itoke kiwandani, na mimi naipenda kwa sababu hiyo.

Fokasi ni ya mkono, ila si kubahatisha. Kitazamio kinapaka rangi kingo za vitu vilivyo kwenye fokasi, na nikitaka uhakika nakuza sehemu ya jicho mara kadhaa. Kama bodi yako (kamera yenyewe bila lenzi) ina sensa inayotulizwa dhidi ya mtikisiko wa mkono, iambie kwenye menyu kwamba lenzi ni ya milimita 58, la sivyo itatuliza kwa kipimo kisicho chake.

Kioo Bado Kipo

Mimi nilihama, nikarudi. Msinipige mawe.

Nilivutiwa na wepesi. Bodi kweli ni nyepesi, ila lenzi hazikupata habari hiyo. Canon EF 24-70 f/2.8L II ya DSLR ina gramu 805. Ndugu yake wa RF ana gramu 900. Mtasema ameongezewa kitulizaji ndani, sawa, lakini bega langu linapima gramu.

La pili ni jicho. Napenda kuona kitu chenyewe, mwanga wenyewe. Usiku skrini ya kitazamio inajaa chengachenga na inaburuta ukigeuza kamera haraka. Mpya zimeboreshwa sana, nakubali, ila baada ya saa nyingi bado nahisi nimeangalia runinga badala ya kuangalia watu. Na lenzi za DSLR sasa watu wanaziuza kwa kukimbilia upande wa pili. Endeleeni kuhama tu, mimi nakusanya.

Mwanzisha Mada

@Kioo Bado Kipo hupigwi mawe, hoja ya uzito ni ya kweli kwa fremu kamili. Anayetaka wepesi wa kweli aangalie Micro Four Thirds, mfumo wa mirolesi zenye sensa ndogo. Sensa yake ni takriban milimita 17 kwa 13, nusu ya upana wa fremu kamili, na lenzi zinapungua nayo. Atalipia kwenye giza, ambako sensa ndogo huonyesha chengachenga mapema zaidi.

Mgeni Mlangoni

Shikamooni wakubwa. Nina DSLR ya zamani na lenzi mbili, moja ya 50 na ile iliyokuja na kamera. Nihame au ningoje?

Lenzi za Babu

Marahaba. Hujasema ni za nani, na jibu lote liko hapo. Kama ni Canon EF, kila moja ina mota yake ndani tangu mfumo huo ulipoanza 1987, hivyo kwa adapta ya Canon yenyewe fokasi inaendelea kujiendesha kwenye EOS R. Kama ni Nikon, soma herufi kwenye lenzi. AF-S na AF-P zinajiendesha kwenye FTZ, adapta ya Nikon yenyewe ya kuingia kwenye mirolesi zao. AF-D, zile zinazozungushwa na mota iliyo kwenye bodi, zinakuwa za mkono, kwa sababu FTZ haina mota hiyo. 50 f/1.8D iko kwenye kundi hilo, na ndiyo wanafunzi wengi wanayo.

Na njia ni ya upande mmoja. Lenzi ya mirolesi hairudi kwenye DSLR.

Mvizia Ndege

Nyongeza kwa @Mgeni Mlangoni: ukihama, weka betri ya pili kwenye bajeti kabla ya lenzi ya pili. Na ukibadilisha lenzi, elekeza mdomo wa kamera chini, maana kwenye kamera nyingi sensa iko wazi pale mbele, hakuna kioo cha kuikinga na vumbi. EOS R huteremsha pazia la shata ukizima. Pazia hilo ni laini, usiliguse hata kwa pumzi ya nguvu.

Mgeni Mlangoni

Nimesoma herufi. Ni AF-D.

Kioo Bado Kipo

Karibu upande wetu, kiti kipo.

Lenzi za Babu

Usimsikilize. Njoo upande wangu, fokasi ya mkono utaizoea.